Barua Iliyoingia Kwenye Tangazo la Mbegu

Ndugu zangu wa Arua, leo nimeaibika, na bora mlisikie jambo hili kwangu kabla dereva wetu hajawafikia.

Mnajua ofisi yetu ya misaada hapa Koboko imeletewa kompyuta. Karani ni mimi, kwa hiyo fundi ni mimi. (Hakuna aliyenipa cheo hicho.) Asubuhi nikasoma kwenye kijitabu kwamba programu ya kuandikia inaweza kupangwa namna ya kugawa dirisha lake. Yenyewe hugawa juu na chini. Mimi nikataka kushoto na kulia. Nikabadilisha mstari mmoja wa mipangilio, nikabonyeza. Skrini ikagawanyika katikati, wima kabisa. Nikajiona mhandisi.

Kushoto kulikuwa na tangazo la kugawa mbegu. Kulia nikateremka mpaka mahali patupu, nikapachukulia kuwa ni karatasi nyingine. (Kumbe ni karatasi ileile, unaiona kwa madirisha mawili. Hilo lilielezwa kwenye ukurasa uliofuata wa kijitabu, ambao sikuusoma.) Ofisi ilikuwa kimya. Nikaanza barua iliyonikaa moyoni tangu mvua za kwanza, ya kumwandikia Mwalimu Keji, anayefundisha Lobule.

Nimefika aya ya pili, akaingia mkuu wangu, Mzee Taban, askari wa zamani.

"Karatasi iko wapi? Watu nangoja."

"Iko tayari, mzee."

Nikalifunga dirisha la kulia. Barua ikatoweka machoni, nikashusha pumzi, nikachapisha. Mzee Taban akaichomoa karatasi kwenye mashine kabla sijaitazama, akatoka nayo.

Nikamfuata mpaka mlangoni. Uwanja ulijaa watu. Mzee akatafuta mwenye sauti kubwa wa kuwasomea, akampata: Mwalimu Keji, aliyekuja na mama yake kuchukua mbegu.

Akasoma mahindi. Akasoma maharage. Akasoma kwamba kila mtu aje na kadi yake. Tangazo lilipaswa kuishia hapo. Lakini macho yake bado yalikuwa yanateremka.

"Wiki hii nimepita kwenu kwa baiskeli mara tatu," akasoma, "nikijifanya naenda dukani. Huko hakuna duka."

Akaishusha karatasi.

"Soma yote, mwalimu," watu wakasema.

Mama mmoja mkimbizi kutoka Kaya akanyoosha mkono. "Hiyo baiskeli, ni moja kwa kila nyumba?"

"Baiskeli hapana iko," Mzee Taban akajibu, akigeuka polepole kuelekea mlangoni. "Lakini hii mutu ya baiskeli, mimi najua yeye."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nilirudi ndani nikakaa nikiitazama skrini, ambayo nilikuwa nimeizima.

Mbegu zilipokwisha kugawiwa, Keji akaingia. Hakucheka, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaweka karatasi mezani.

"Mama anauliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi andika upya, kwa kalamu. Uilete mwenyewe, mchana, mama akiwepo."

Akaondoka.

Kalamu ninayo. Shida ni kwamba maneno yangu mazuri nusu ya Koboko imeshayasikia, kwa hiyo mwenye mengine anitumie, na acheke akishamaliza kuyaandika.