Besi Haina Mdomo

Jumapili, 11 Januari

Vita vimeanza. Ustadhi Humaid, mwalimu wetu wa muziki, katangaza kuwa Alhamisi jamaa wa Zanzibar tunaoishi huku Uarabuni wanakutana ukumbini Azaiba. Anataka mpigaji mmoja tu wa besi, ile fidla kubwa ya kupigwa kwa kusimama, peke yake jukwaani, na kazi mpya iliyotokana na nyimbo za wazee. Wapiga besi tupo wawili: mimi na Talal. Talal kashakwenda pwani ya Qurayyat kurikodi nyimbo za wavuvi. Mjanja yule! Lakini mimi nna Bibi Masouda, aliyemzaa baba.

Nimempelekea haluwa, nikamwomba nyimbo za kidumbak walizokuwa wakiimba harusini Unguja. Kakataa. Haluwa kaila. Alasiri, akichambua mchele, akajisahau, akaimba mmoja. Mtamu, wallahi, mpaka nikataka kulia. Maneno ya jikoni tu: chungu chako kina ufa, mchuzi utakaa wapi? Kaniona namrikodi kwa simu. Kanambia huo haufai mbele za watu, khasa mbele ya Bi Nasriya. Nikamwapia sitouimba.

Sitouimba kweli. Nitaupiga. Besi haina mdomo.

Jumanne, 13 Januari

Nimechaguliwa mimi! Ustadhi kasema wavuvi wa Talal wamekaa robo saa na bado hawajatupa wavu. Talal kanipongeza, kisha kaniazima upinde wake mzuri. Kwa nini? Nimeukagua kutwa nzima, hauna kasoro. Basi hizo ndizo hila za hali ya juu.

Bibi kaniuliza ntapiga nini. Nikamwambia kitu cha kizungu. Kafurahi, kasema atakuja. Ya Rabbi! Na Bi Nasriya naye atakuja. Mama anasema yeye na Bibi walikuwa mashoga wa kuvaa doti moja, huyu kipande na huyu kipande, mpaka harusi ya Nasriya. Tangu hapo hawasemi. Bibi hujifanya hajali, lakini kila msiba huuliza kama Nasriya mzima. Sababu ya ugomvi hakuna anayenambia.

Alhamisi, 15 Januari

Loo! Nilianza vizuri. Nikafumba macho, kisanii. Nilipofumbua, kinamama wote midomo inawacheza. Mmoja kajiziba kwa shela. Halafu macho yote kwa Bi Nasriya. Hapo ndipo nilipofahamu, punguani mimi. Kile si chungu cha jikoni, ni kijembe! Baadaye Mama kanambia Bibi alikiimba siku ya harusi ya Nasriya, kwa hasira kuwa shoga yake kaposwa na yeye hakuambiwa. Wimbo ukipigwa tu, maneno wanayasikia wenyewe.

Bibi kajifunika uso. Roho iliniuma. Nimemuaibisha Bibi yangu mbele ya watu wake wote, na mkono hautaki kusimama.

Bi Nasriya akainuka, kashikwa mkono na mjukuu wake Noof, akenda mpaka kwenye kiti cha Bibi. Akaimba juu ya besi yangu, kisauti chembamba: ufa nimeuziba, shoga, pakua tule.

Nikawacha kupiga. Akamwambia, "Jibu nnalo tangu siku ile, Masouda. Hukuja kulichukua."

Bibi akamshika mkono, asiuwachie. Akasema, "Nliona haya, Nasriya." Wakalia wote wawili. Mimi pia nimelia. Talal naye alilia, nadhani kwa husuda.

Jumapili, 18 Januari

Bi Nasriya yupo kwetu tangu asubuhi. Wanakula sahani moja na kumsengenya kila aliyezaliwa Unguja. Bibi kanisamehe. Kanishika sikio, kanambia kabla ya kupiga wimbo wa watu, uliza kwanza aliimbiwa nani. Nikaitikia kwa adabu.

Nimeuliza basi! Bi Nasriya kaniimbia mwengine, mtamu kuliko ule, na kanambia wazi aliimbiwa nani: mama yake Ustadhi Humaid, alipokwenda ukweni na kuunguza wali. Walicheka mpaka wakashikana mbavu. Kanisihi wimbo usitoke humu ndani.

Ustadhi anamwoza binti yake wiki ijayo, na mama yake atakaa mbele kabisa. Nshajiandikisha kupiga.