Meneja wa Jikoni Anadai Chake

Kwa Ndugu Meneja,
Karakana ya Milango na Madirisha.

Kuhusu: Malipo ya kazi niliyokufanyia miaka sita bila wewe kujua

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi kwenye kiti chako kinachozunguka, na kikombe cha chai kiko mkono wa kushoto kama ulivyozoea. Usishtuke kwamba nakujua. Hatujawahi kuonana hata siku moja, lakini mimi nimekuwa wewe mara sita, na mtu hawezi kuwa mwenzake mara sita asimzoee. Nitaeleza hapo mbele. Naomba tu usiitupe barua kabla ya kufika namba tatu.

Mimi ni mke wa fundi wako wa kufunga milango, yule mrefu anayeinama kila anapopita hata penye nafasi ya kupita twiga, ambaye wenzake wanamwita Bawaba. Jina hilo hakupewa bure. Mume wangu hawezi kuingia nyumba ya watu, iwe ya harusi au ya msiba, bila kuufungua na kuufunga mlango wao mara mbili huku ametega sikio. Watu hudhani anaona haya kuingia. Mimi huwaambia hapana, huyo anasikiliza bawaba tu.

Naandika kwa sababu maji yamenifika shingoni. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana ghala la makatoni. Amempa kaka yake hadi mwisho wa mwezi huu aamue: aje akae ghalani ahesabu makatoni yanayoingia na yanayotoka, kwa mshahara ambao ukiusikia unatafuta pa kukaa. Mume wangu hajajibu. Juzi alikwenda kulitazama hilo ghala, akarudi na habari moja tu, kwamba mlango wake ni bati linalokunjwa kwenda juu, halina hata bawaba moja. Alisema hivyo akasukuma sahani pembeni.

Sitaki aende, na sitaki abaki kwa mshahara wa miaka sita iliyopita. Kati ya hayo mawili umesimama wewe. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naleta madai yangu kama ifuatavyo.

1. Nguo. Ovaroli ya karakana yako inarudi kwangu na vumbi la mbao, gundi na vanishi. Vumbi linatoka kwa maji, gundi inatoka kwa kisu, na vanishi haitoki, tunazoeana nayo. Sabuni ni yangu. Mikono ni yangu. Hapa sidai kitu kikubwa, natangulia na dogo ili tupashe moto.

2. Masikio. Kila jioni naletewa karakana nzima mezani. Najua mbao zilizokuja mbichi. Najua msumeno mkubwa unaolia. Najua kisa cha yule mteja aliyerudisha mlango wa chumbani kwa sababu ulifungukia kitandani, na jinsi ulivyomwambia kuwa kosa ni la kitanda. Msimamizi wako analipwa kwa kusikiliza mambo haya, tena anasikiliza nusu. Mimi nasikiliza yote na naongeza ushauri. Ile fikra ya kuhifadhi milango ikiwa imesimama, kila mmoja kwenye nafasi yake, badala ya kuilaza ikapinda, ilitoka jikoni kwangu nikiwa napanga sahani. Nimeambiwa ulimsifu msimamizi. Mimi si mtu wa kinyongo, ila sahani zangu zinajua ukweli.

3. Kuwa wewe. Hapa ndipo penyewe. Kila mwaka unapofika ule mwezi ambao wafanyakazi wanaruhusiwa kuja ofisini kwako kusema habari za mshahara, mume wangu hushindwa kula. Mwaka wa kwanza nilimwonea huruma, nikamwambia tufanye mazoezi. Nikavaa koti lake, nikaketi kwenye kiti kirefu karibu na jiko, nikawa wewe. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akawa karani wako. Alikaa mlangoni na kumwambia mwanawe wa kumzaa asubiri, Meneja ana mgeni. Mgeni hakuwapo. Alimsubirisha hadi wali ukapoa.

Nakiri kuwa siku ile sikuiweza kazi. Mume wangu alisema, Meneja, nilikuwa naomba kama ingewezekana, na mimi nikamwongeza mshahara kabla hajataja anachoomba. Mama mkwe alinigombeza. Alisema, "Meneja gani wewe? Utafilisi karakana ya watu kwa siku moja." Tukaanza upya palepale, na safari hii nikamkatalia. Na tangu hapo, Ndugu Meneja, sijisifu, lakini nimekuwa fundi. Nimejifunza kugonga kalamu mezani. Nimejifunza kusema hali ya biashara unaiona mwenyewe huku nikitazama dirishani, kana kwamba hali yenyewe inapita nje. Nimejifunza kuuliza, nikikuongeza wewe, wenzako niwaambie nini? Kwa swali hilo mume wangu huanza kuwafikiria wenzake, maana ana moyo mzuri.

Lakini lililo bora kuliko yote nililisema mwaka wa tatu, na lilinitoka bila kulitafuta. Nilisema: mtu anayeipenda kazi yake ameshalipwa nusu. Mama mkwe alipiga makofi. Mume wangu aliinamisha kichwa, akasema kweli Meneja, akaenda kulala.

4. Kutumia maneno yangu bila idhini. Asubuhi baada ya kila zoezi mume wangu huvaa shati lililopigwa pasi na kuja kwako. Jioni namuuliza amesemaje. Kila mwaka jibu ni moja: "Yaleyale ya jana, mama watoto." Miaka sita, yaleyale ya jana. Ndugu Meneja, mara ya kwanza nilidhani wakubwa wote mnafanana. Mara ya tatu, uliposema ile ya kulipwa nusu, sikulala vizuri. Sentensi ile ilizaliwa kwenye kiti changu kirefu, baina ya jiko na ndoo ya maji. Ukaitumia kesho yake asubuhi, neno kwa neno, kumnyima mume wangu, na mimi hukunipa hata salamu.

5. Elimu niliyoipata. Usidhani nalalamika bila kujua biashara. Nina cherehani barazani. Mwaka jana niliamua kuwa bei ya kubadilisha zipu ipande. Sikuitisha kikao. Mteja aliuliza bei, nami nikataja mpya huku nikitafuta sindano chini ya meza ili asinione uso. Alinuna, akasema siku hizi kila kitu ni ghali, akalipa. Hivyo tu. Tangu siku ile najua kwamba mshahara haupandi wenyewe kama unga wenye hamira. Unapandishwa na mdomo wa mtu, mbele ya mtu mwingine. Sasa mume wangu ameufungua mdomo miaka sita, na kila mara umemjibu kwa mdomo wangu. Unaona mwenyewe ni nani anayefanya kazi hapo.

6. Ombi lenyewe. Kwa kuwa kazi ya kukataa naifanya mimi, na wewe unairudia tu, naomba niajiriwe rasmi kuwa Meneja Msaidizi, Idara ya Kukataa. Sihitaji ofisi. Wafanyakazi wako wote waletwe jikoni kwangu kwa zamu, nitawakatalia nikiwa nachambua mchele, nao watarudi kazini kwa adabu, wengine hata wakishukuru. Wewe utapata muda wa kunywa chai ikiwa bado moto. Mama mkwe naye apewe ukarani, maana kipaji chake cha kusubirisha watu ni haramu kukiacha kipotee.

Mshahara wangu uwe sawasawa na nyongeza ambayo mume wangu amenyimwa mara zote sita ukizijumlisha. Kwangu ni mamoja ipitie mkono gani, sufuria ni ile ile. Na kuhusu nyongeza yangu ya kila mwaka, nimeshafanya mazoezi. Tulibadilishana, mume wangu akawa wewe. Alinikubalia kabla sijamaliza salamu, akanipa na likizo. Ndiyo maana nasema kazi hii si ya kila mtu.

Kabla sijafunga, nina jambo moja ambalo halina namba kwa sababu si dai.

Siku moja mume wangu alinipeleka zahanati. Hatukuwa wagonjwa. Alitaka nione mlango wa wodi ya wazazi, ambao aliupachika yeye zamani. Alinisimamisha ndani, akatoka, akaufunga mbele ya uso wangu. Sikusikia kitu. Ule mlango mzito ulirudi mahali pake, na hakuna mtoto aliyeshtuka, hakuna mzazi aliyegeuza kichwa. Aliufungua tena akanitazama, na sijawahi kumwona na uso ule hata siku ya harusi yetu. Nilimwonea wivu. Nilitamani na mimi niwe na kitu kimoja hapa duniani nilichokitengeneza, ambacho watu wanalala kwa sababu yake na hawajui. Nikafikiri, akienda kuhesabu makatoni, nani atampeleka mkewe kumwonyesha katoni lililohesabiwa vizuri?

Ndiyo maana ile sentensi ya kulipwa nusu inaniuma, ingawa niliitunga mimi. Hiyo furaha ni yake, alikuja nayo mwenyewe. Karakana haikumpa, na karakana haiwezi kumkata kwenye mshahara. Kama kuna nusu ya kupunguza kwa ajili hiyo, basi mnaopaswa kulipia ni ninyi mnaofurahi bila kuufunga mlango hata mmoja.

Nisalimie karani wako, msimamizi (pamoja na milango iliyosimama), mlinzi wa getini ambaye nasikia mgongo wake umepata nafuu, na mafundi wote wa upande wa madirisha. Msumeno nao uwekewe mafuta, unalia sana. Mama mkwe anakusalimu kama karani kwa bosi wake.

Nangojea barua yako ya ajira kwa matumaini makubwa.

Ni mimi mtumishi wako usiyenijua,
Mke wa Bawaba
(Meneja, Jikoni)

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Nilitaka kwanza kumsomea mume wangu, nisije nikakosea majina ya vifaa. Namba moja alicheka. Namba mbili alicheka zaidi. Nilipofika namba nne aliinuka akaenda kwenye mlango wa chumba chetu, ambao unaburuza sakafu tangu tuhamie hapa, maana kinyozi hajinyoi. Alichuchumaa, akaanza kufungua skurubu. Akiwa amenipa mgongo, akasema hajawahi kuingia ofisini kwako.

Hata mara moja. Hufika mlangoni na shati lake la pasi, huutazama ule mlango, huufungua na kuufunga mara mbili, hurudi kazini. Mwaka wa pili karani wako alimuuliza anahitaji nini, akasema mafuta ya bawaba. Alipewa. Kuna mwaka wewe mwenyewe ulimshukuru kwa kuujali mlango wako, ukasema hakuna mfanyakazi mwingine mwenye moyo huo. Chai ya mkono wa kushoto aliiona kupitia upenyo. Ndugu Meneja, hukuwahi kumnyima kitu, kwa sababu hakuwahi kukuomba.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema aingie akatafute nini, na jibu alishalipata usiku uliotangulia, kwa mtu ambaye hajawahi kumdanganya.

Basi madai yangu yote, namba moja hadi sita, nayafuta, isipokuwa habari ya sahani. Aliyemnyima ni mimi. Mara sita, tena kwa ustadi, tena nikapigiwa makofi. Nimelivua lile koti. Nimemwambia mama mkwe ofisi imefungwa, naye amekubali kwa shingo upande. Barua hii ataileta mwenyewe asubuhi na mapema, amkabidhi karani mwenzake, ili uwe umeisoma kabla mume wangu hajafika. Safari hii anakuja bila mazoezi. Hajui utasema nini, na mimi pia sijui.

Nina ombi moja tu. Ukiukuta mlango wa ofisi yako umefungwa, ufungue uuache wazi, asipate cha kukagua.