Shiromani ya Koko Si Sanaa

Mutsamudu, 9 Juni 1977

Kwa Ndugu Rachadi,
Mwalimu wa Sanaa ya Kisasa,
Moroni.

Ndugu Mwalimu,

Salamu za mapinduzi. Baada ya salamu nina neno ambalo sijapata kumwambia mtu, hata mto wangu wa kulalia. Ile shiromani ya bibi yangu, nguo yake ya kujifunika, iliyotundikwa ukutani katika ofisi ya Kamati ya Vijana ya mtaa wetu, haikuchukuliwa na Kamati. Niliichukua mimi. Niliitoa sandukuni Koko (ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku) akiwa katika sala ya alasiri, nikaikunja ndani ya begi la shule chini ya daftari la hesabu. Alipotoa salamu ya kulia, mimi nilikuwa nimeshavuka mlango.

Tangu siku hiyo Koko anaamini kwamba vijana wa Kamati waliingilia dirishani. Kila baada ya sala anainua mikono na kuwaombea vidole vikauke, na mimi niliyekaa nyuma yake naitikia amina. Leo ni siku ya kumi na tisa, mara tano kwa siku. Vidole vyangu bado vinakunjika, alhamdulillahi, lakini nimeanza kuviangalia kila asubuhi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyosemezana darasani. Utakumbuka kwamba Kingazija chako kilinipita, Kinzuani changu kilikuchekesha, na Kifaransa mwaka huu kinatazamwa kwa jicho baya, ingawa kitabu chetu cha pekee kilikuwa cha Kifaransa na aliyewasomea wenzake maandishi chini ya picha alikuwa mimi, kwa sauti ambayo mwenzetu Msa alisema inafaa kuwasomea sisimizi. Tena katika nyumba hii hakuna mwingine anayeweza kusoma Kiswahili. Tunaishi wawili tu, na Koko anakijua kwa masikio, kwa sababu alikaa Zanzibar miaka kumi na miwili, na mimi nilizaliwa huko.

Shida yangu ni ndogo. Naomba kwa heshima zote uandike barua, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba shiromani ya Koko si sanaa.

Mwenyekiti wa Kamati yetu, Ndugu Elarif, ana umri wa miaka kumi na saba na ni mtu wa taratibu. Anasema kilichoingia daftarini kama kazi ya sanaa hakitoki mpaka Moroni iseme. Mimi ndiye niliyekiingiza daftarini, kwa mwandiko wangu mzuri. Kwa hiyo imenibidi nikukumbushe kwanza mambo yalivyokuwa, nisije nikaonekana nakusingizia.

Nilipokuja Moroni kwa wiki zile mbili za mafunzo, sikuwa najua kitu. Siku ya kwanza ulituambia tuchore chochote, nami nikachora jodari, nikamweka magamba yote na jicho lenye kumetameta. Ulinipa nne juu ya ishirini. Ulisema, "Huyu ni samaki mno." Msa, yule anayeshuka kila siku kutoka Mvouni kwa miguu, akapaza sauti, "Nouriat, mpelekee mama yangu, leo hana kitoweo!" Darasa zima likacheka, na mimi nikaongea na viatu vyangu mpaka Ijumaa.

Wiki ya pili ulitugawia kila mmoja merikani nyeupe ya urefu wa kitanda, tuchore kazi ya mwisho. Nilikaa mbele ya yangu na brashi ya kuazima kutoka kwa Kalathoumi, asubuhi hadi alasiri, na sikuigusa. Ukaja ukasimama nyuma yangu. Ukawaita wenzangu wote. "Tazameni," ukasema, "huyu ameelewa." Ukaipa jina la Ukimya na kunipa kumi na nane. Ndugu Mwalimu, sikuwa nimeelewa. Nilikuwa naogopa kuichafua. Lakini ilikuwa mara ya kwanza watu kunitazama bila kucheka, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukazidi kuisifu kazi.

Niliporudi na kushuka bandarini Mutsamudu, Elarif alikuwa ananingoja. Maonyesho ya kwanza ya sanaa ya kisasa mtaani, na mimi niliyetoka Moroni ndiye wa kuyasimamia. Nikamkunjulia Ukimya. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akasema, "Hii ni shuka." Nikaikunja tena. Ndipo nikalikumbuka somo lako kubwa, lile ulilotuandikisha mara tatu: kitu chochote kikiondolewa kazini, kikapewa ukuta na jina, ni sanaa.

Wewe ni Mngazija, huenda hujui shiromani ni nini kwetu. Ndilo vazi ambalo mwanamke wa Nzuani hujifunika akitoka nje. Mwezi wa Februari Kamati ilipita nyumba kwa nyumba ikazikusanya zote za mtaa huu ili zishonwe mabango. Ya Koko ilisalimika kwa sababu niliizika ndani ya pipa la mchele. Kwa hiyo aliyeiokoa ni mimi na aliyeiiba ni mimi, na sijui yupi kati yetu ndiye anayekuandikia. Nikaitundika. Nikaandika kibandiko: "Jana. Kitambaa, na alama ya pasi. Kazi ya umma." Jina langu sikuliweka, kwa sababu ulitufundisha kwamba jina la msanii ni majivuno ya kibepari. Somo hilo pia lilinifaa sana.

Sasa nakuletea sababu zangu, kwa namba kama ulivyotuzoesha.

1. Ni nzuri. Ulisema uzuri ni kazi ya kalenda za madukani, na kitu kikikupendeza mara moja, kikimbie. Shiromani ya Koko ni nyekundu yenye maua meupe, na asubuhi jua likiingia ofisini ukuta mzima unaona haya. Hakuna hata mmoja aliyeikimbia. Kwa kipimo chako, imeanguka mtihani.

2. Inaeleweka. Kule Moroni tulisimama nusu saa mbele ya ule ukurasa mwekundu mtupu kitabuni. Kila ulipotueleza tukapungua kuelewa, na ukasema hiyo ndiyo dalili njema. Huku jirani yetu Djaouharia aliitupia jicho mara moja akasema, "Pasi hiyo ilimponyoka asubuhi ya harusi ya Moina." Moina ni mama yangu. Kwa pumzi moja ametaja mwenye kazi, mwaka, na chanzo cha doa. Mimi mfafanuzi wa maonyesho nimekosa cha kufafanua.

3. Haikubali kuwa kitu. Hili ndilo zito. Huku mdogo akikutana na mkubwa humwambia "kwezi", na mkubwa humjibu "mbona". Asiyesema kwezi amekosa malezi, na asiyejibu mbona basi labda ni maiti. Mimi hukaa nyuma ya mlango na daftari la wageni, na kwa tabia yangu watu husahau kwamba nipo. Siku ya kwanza aliingia Djaouharia, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona yuko peke yake, akainama mbele ya ukuta: "Kwezi, Koko Zaitoun." Kisha akaondoka haraka kwa haya, na hakumsimulia mtu. Akafuata mwingine, vilevile. Akaja Sounhadj, mchukuzi wa bandarini, ana gunia la sukari begani. Alilitua kwanza chini. Kila mmoja anadhani ni yeye tu. Nimeziandika zote, na mpaka jana jioni zilikuwa kwezi arobaini na moja.

4. Inaiingilia Kamati kazini. Ndugu Elarif hufungua ofisi alfajiri kabla ya wenzake. Huvua kofia. "Kwezi, Koko." Kumbuka kwamba Koko ndiye aliyemfundisha alifu na be, na alikuwa akimpiga kwa upindo wa shiromani hiihii. Ameshaigeuza meza ya Mwenyekiti asiipe mgongo. Hakuna anayevuta sigara tena mle ndani. Jumatatu ilipangwa mjadala juu ya kuzivunja mila zilizopitwa na wakati, na ulifanyika kwa kunong'ona, na mjumbe mmoja aliyekaa kwa kukunja nne alishusha mguu wake mwenyewe bila kuambiwa. Ikiwa hii ni sanaa, basi ina nguvu kuliko Kamati, na sidhani kama sheria inaruhusu.

5. Ina kazi, na kazi yake imesimama. Mdogo wake Koko, Koko Batoul, yuko kitandani Ouani. Habari zimekuja mara tatu. Ouani ni hapo tu, gari likiamua kuondoka. Lakini Koko hajapata kuvuka mtaa bila shiromani tangu alipoolewa. Nimempa leso yangu akasema leso ni ya jikoni. Djaouharia alimwambia avae gauni atoke, mapinduzi yameruhusu, na Koko akamuuliza kama mapinduzi yamemzaa. Kapu lake liko tayari, mafuta ya karafuu, msindzano wa kumpaka mgonjwa usoni, mikate mitatu ambayo kila baada ya siku mbili tunaila na kuoka mingine. Analifungua, analifunga. Juzi dereva wa gari la Ouani alisimama mlangoni akasema, "Mwambieni dada mtu asichelewe." Sikuandika kitu siku hiyo.

6. Na hili ndilo linaloninyima raha. Ikiwa kitu kilichoondolewa kazini na kuwekwa ukutani ni sanaa, basi tazama, Ndugu Mwalimu. Koko ameondolewa barabarani, anakaa chini akiegemea ukuta, hasogei, na watu huja mlangoni wakamtazama wakaondoka na huzuni ambayo hawawezi kuieleza. Kwa mujibu wa masomo yako hiyo ni kazi iliyokamilika, na msanii wake ni mimi. Sitaki. Tafadhali usinipe maksi.

Kwa hayo naomba barua ile, na kama itaweza kuja na meli ya Alhamisi nitashukuru zaidi. Ikiwa Moroni haiwezi kusema kwamba si sanaa, basi naomba ruhusa ya kubadilishana. Nitoe Ukimya, ambayo ni sanaa ya kuthibitishwa, kumi na nane juu ya ishirini, nayo iko chini ya kitanda changu imekunjwa na haijachafuka. Wewe mwambie tu Ndugu Elarif kwamba si shuka. Mimi nimeshindwa.

Nisalimie Kalathoumi, na umwambie brashi yake ni kavu kama alivyoniazima. Nisalimie Msa, umwambie samaki yule nimemtundika jikoni kwetu, na paka amemrukia mara mbili. Wasalimie wote wa darasa, na kile kitabu pia, mpaka kwenye kurasa zake nyekundu.

Nimeandika kwa mkono ambao bado una vidole vitano,

Mwanafunzi wako wa mwanzo kabisa,
Nouriat

Nasikia kandambili za Koko ukumbini. Barua hii nimeshaisukuma chini ya mkeka mara nne tangu asubuhi. Sasa zinasimama nje ya mlango. Mkono umekwenda kwenye karatasi, nimeurudisha. Naiacha hapa magotini, wazi.

Tanbihi: Ndugu Mwalimu, zifute namba zote sita.

Aliuliza naandika nini, nikamsomea. Nilisoma yote, kuanzia salamu, kwa sauti ambayo hata Msa angeisikia. Koko alivua kandambili, akakaa mkekani. Kisha akasema, "Siku kumi na tisa nawaapiza watoto wa watu, na wewe unaitikia amina juu ya kichwa chako mwenyewe. Mjinga we." Nikasubiri kofi. Badala yake akaniamuru nirudi kwenye namba tatu, na baada ya hiyo namba nne. Akataka kujua kama Elarif kweli alivua kofia. Nikamwambia alivua. Akauliza ni nani aliyewajibu watu hao.

Nikamwambia hakuna.

"Salamu arobaini na moja na hakuna mbona hata moja!" akasema. "Kwani mimi nimekufa?"

Ameniagiza niutoe Ukimya chini ya kitanda. Ameupima kwa mkono, akasema kumbe Moroni bado kuna merikani nzuri, na amejifunika nao kichwani mpaka miguuni, kwa mkunjo wa shiromani. Nilimwambia watu watasema ni sanda. Amenijibu kwamba sanda haitembei. Shiromani anataka ibaki ofisini, kwa sababu Elarif hajamaliza kufundishwa. Kama hiyo ni sanaa au si sanaa, anasema ni shauri lenu huko Moroni, muhuri msisumbuke nao.

Kapu nimelishika mimi. Tunapitia ofisi kwanza, halafu gari la Ouani. Wengine atawajibu njiani mmoja mmoja, lakini ameshaamua kwamba mbona ya kwanza ni ya Elarif. Siwezi kuandika zaidi. Ukimya umeshafika barabarani na hautaki kunisubiri.