Habari Kuu ya Tangi Lililokwama Tumboni mwa Mashua ya Kianjokoma

Wekeni vikapu chini, enyi wachuma kahawa. Nanyi wenye redio, zifungeni. Na yule aliyeacha githeri jikoni na aisogeze kando ya moto, maana atakaa hapa. Nasimulia vita. Si vita vya mikuki, hivyo vimesimuliwa vya kutosha na watu ambao hawakuwepo. Hivi ni vita vya tangi la maji, navyo nilikuwepo, mbele kabisa, na kikombe mkononi.

Palikuwa na shujaa katika nchi ya Kianjokoma, Njura mwana wa Mbaka, Mvaa Kofia Nyeupe, Kapteni wa Chombo Kisichoelea. Miaka mingi alilinda lango la mzungu mmoja kule bwawani Mbeere, na mzungu yule alipozeeka akarudi kwao, badala ya kumwachia ng'ombe kama mtu mwenye akili, akamwachia mashua ya matanga iliyokwisha kuvuka bahari. Njura akaipandisha mlimani kwa lori, akaiegemeza juu ya magogo kati ya kahawa na migomba, mahali ambapo maji ya karibu ni ya bomba, nayo huja Alhamisi. Hajasafiri nayo hata hatua moja. Lakini kila jioni husimama juu yake, mkono juu ya macho, akitazama kama ng'ombe wa jirani wameingia kwenye majani yake ya nepia.

Sasa Kapteni alikuwa na mwana, Mutugi, kijana mwema wa moyo na mwepesi wa ulimi, naye alitaka kumwoa Kagwiria wa Nkubu. Mama yake Kagwiria ni Cicily, Ngome Isiyobomolewa na Wakwe. Siku ya kujitambulisha, watu walipofika kwenye habari ya tangi la maji ambalo mama mkwe huletewa pamoja na mahari, ulimi wa Mutugi ukamtangulia njiani.

"Mama," alisema, "tangi la plastiki ni la kila mtu. Mimi nitakuletea la chuma kisichoshika kutu, lililovuka bahari."

"Nimesikia," akasema Cicily. "Na majirani wamesikia. Jumamosi ya ruracio mkileta mahari bila hilo, chai mtapewa. Msichana hamtapewa."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa mizani: tangi upande mmoja, Kagwiria upande wa pili.

Nalo tangi lilikuwako kweli, linang'aa kama sinia ya askofu, ila lilikuwa limelala chini ya kitanda cha mashua, na mafundi wa kizungu walilibandika kwa gundi kwenye mbavu za chombo kana kwamba walijua siku moja litatakiwa Nkubu. Kapteni akaushika ukingo wake, akavuta. Tangi halikumjibu.

Ndipo akaja Mwalimu Misheck, Mwenyekiti wa Wenyeviti, mtu ambaye hajapata kuona tatizo bila kuliundia kamati. Akaunda kamati ya tangi. Akachaguliwa mwenyekiti, bila kupingwa, kwa sababu wengine walikuwa wameinamia chai. Siku ya kwanza kamati iliomba, ikajitambulisha, ikaahirishwa. Siku ya pili, Jumanne, wanaume wakaingia mashuani na mtaimbo, migongo imeng'aa kwa jasho, wakaishambulia gundi ile kwa vishindo vilivyowafukuza kuku mpaka kwa jirani. Gundi ilisimama. Mtaimbo ulipinda.

"Ikatwe mashua ubavuni," alisema mmoja.

Kapteni akavua kofia, akajilaza juu ya ubavu wa mashua mikono imepanuka. "Mwenye kutaka kuikata aanze na mimi! Na mjue nimekula!"

"Basi likatwe tangi, tutaliunganisha kwa moto."

Hapo Mutugi akalia kama ndama. "Likiwa na alama watalirudisha! Mbuzi wa ruracio akikatika sikio si anarudishwa? Sasa tangi lenye kovu nalipeleka na mdomo gani?"

 Ndipo nyanya yake Mutugi, Ruguru, Mkongwe wa Kiti Kifupi, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni na kusikia yote bila kuinua kichwa, akauliza polepole:

"Na mtalipeleka tupu?"

"Tupu namna gani, cucu?"

"Nauliza tu. Mimi sijasoma sana. Lakini tangu lini chombo kikaenda kwa wakwe bila kitu ndani? Hata kiondo hakiendi kitupu. Mnataka Nkubu waseme sisi watu wa Embu tuna njaa?"

Aibu ikawashukia wanaume kama ukungu wa Julai. Mwalimu Misheck akasimama, akatangaza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Azimio! Tangi lijazwe uji! Wanaoafiki?"

Mikono yote ikainuka. Wala hakuna hata mmoja, katika wanaume wote wale wenye ndevu na vyeti, aliyeuliza kama si heri litoke kwanza.

Jumatano wanawake walisaga mtama na mawele, wakapika ucuru, uji wetu mzito wa kuchachisha, sufuria baada ya sufuria, nao ukapandishwa mashuani kwa ndoo na kumiminwa tumboni mwa tangi mpaka likajaa. Kapteni mwenyewe akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote. Palikuwa na kipaipu kidogo cha kupumulia. Mwalimu akakiziba kwa gunzi la mahindi, ili nzi asiingie. Kisha wakajaribu kuinua. Wapendwa wangu, kama jana lilikuwa zito kama ng'ombe, sasa lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekula ng'ombe mwenzake.

"Cucu!" Mutugi alilia. "Umetumaliza!"

"Nilisema lisiende tupu," Ruguru akajibu. "Sikusema lijazwe likiwa ndani. Lakini hamkuniuliza, mlipiga kura."

Alhamisi kamati ilikaa kulaumiana, na jua likaichoma mashua siku nzima. Ijumaa adhuhuri akashuka mjumbe kutoka Nkubu: Joyline, dada yake Cicily, Jicho la Ukoo, ametumwa kuliona tangi kabla ya kesho, ili watu wasiaibishane mbele ya wageni. Alipanda ngazi, akaingia mashuani, akaketi, akapakata mkoba.

"Haya," akasema. "Nionyesheni."

Mutugi alikuwa na rangi ya majivu. Kapteni akatazama dari. Lakini Mwalimu Misheck hajawahi kumwona mgeni akaacha kumhutubia, na akapanda juu ya ubao wa kitanda, ule uliofunika tangi, akakohoa.

"Mheshimiwa mgeni wetu, Kapteni, wazee, akina mama, na vijana mliokuja kwa sababu ya uji! Leo ni siku ambayo vizazi..."

Chini yake kitu kikanguruma.

"Ni tumbo la nani hilo?" akauliza Joyline.

"...ambayo vizazi vitasema, walikuwako wanaume! Wanaume wasiotikisika! Wanaume ambao..."

Kumbe ucuru, siku mbili juani, haukuwa umelala. Ulichacha, ukapanda, ukatafuta pumzi, ukakuta gunzi. Ukatafuta mlango, ukakuta nguvu za Kapteni. Basi ukafanya alivyofanya kila aliyefungiwa ndani na kuhutubiwa. Tangi likafura mbavu, na gundi iliyoushinda mtaimbo ikapasuka kwa mlio mmoja, PAA! kama bunduki ya askari wa msitu. Ubao ukaruka. Mwalimu akaruka nao, akapaa, Tai wa Kianjokoma, akatua mapajani mwa Joyline, na gunzi likatoka kwa kasi likaing'oa ile kofia nyeupe kichwani mwa Kapteni na kuipeleka nje mpaka kwenye migomba.

"...wasiotikisika," akamalizia Mwalimu, kwa maana sentensi yake haiachwi njiani.

"Shuka, Mwalimu," Joyline akamwambia. "Mimi nimeolewa."

Mutugi akachungulia chini. "Limeachia!" akapaza sauti. "Gundi imeachia! Leteni vikombe!"

Lo, jeshi lililokuja siku ile! Waliokuja na vikombe, waliokuja na vibuyu, na mmoja alikuja na karai akasema ni la mama yake mgonjwa. Ulinywewa uji kwa ushujaa. Mimi mwenyewe nililitumikia taifa mara kadhaa. Na tangi lilipobaki na kibuyu kimoja tu tumboni, kwa heshima ya Nkubu, wanaume wakaing'oa ngazi ya ndani, wakalisimamisha kwa ubavu, wakaligeuza hivi, wakaligeuza vile, huku Kapteni akipiga kelele "Pole pole rangi yangu!", na Mutugi akivuta kutoka juu, meno yameuma ulimi, ule ulimi wenye deni lote.

Kona moja ikatoka. Ikafuata ya pili. Kisha likateleza lote, likasimama juani kati ya kahawa, zima, bila mkwaruzo hata mmoja.

Joyline alilizunguka. Alilipiga kwa kidole, likalia. Akatikisa, akasikia kitu kikicheza ndani, akainua nyusi kwa kuridhika. Kisha akatoa simu.

"Dada? Ni la chuma. Ndiyo, limevuka bahari. Hapana, si tupu." Akasikiliza. "Nimwambie nini kijana? Sawa." Akamgeukia Mutugi. "Cicily anasema kesho mje mapema, kuna mbuzi wa kuchinja."

Mutugi akakaa chini mavumbini, akalia waziwazi. Kapteni, kichwa wazi, akatangaza kwamba tangu leo umri wa watoto wa Kianjokoma utahesabiwa kabla ya tangi na baada ya tangi, na Mwalimu akaomba azimio hilo liandikwe, akalirudia mara mbili, akaanza kuwashukuru wanakamati mmoja mmoja kwa majina.

Kwetu mtoto akizaliwa wanawake hupiga vigelegele, vingi kwa mvulana, vichache kwa msichana. Tulikuwa tumejiandaa, makoo yamelainika kwa uji, na mmoja wetu akauliza, "Cucu, tumpigie vya nani huyu aliyezaliwa na mashua?"

Ruguru akalitazama tangi. Akamtazama Mwalimu.

"Ni msichana," akasema. "Angekuwa mvulana, saa hizi angekuwa bado mle ndani anashukuru kamati."

Tukapiga, na hakuna aliyehesabu.