Jumba la Mila Nyuma ya Mabati

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Makamu wake, Makamu wa Makamu, Mama Mlezi wa bweni la wasichana, ingawa bweni lenyewe sasa tunalitaja kwa wakati uliopita, wazee wangu wa meza kuu, fundi wa kipaza sauti, na ninyi wasomi mliokaa juani kwa nidhamu inayonitoa machozi: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Nimekuja, nikiwa mlezi, mwasisi, mwezeshaji na mbeba maono wa Mpango Mkakati Shirikishi wa Kurejesha Mila Vyuoni, kuwaambia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Utafiti wa kisayansi, nilioufanya mimi mwenyewe garini nikija hapa, umebaini kuwa asilimia tisini na tisa ya vijana wanaouliza maswali hawakulelewa, na asilimia iliyobaki ni wanangu, ambao nimewapeleka kusoma ng'ambo, kwenye baridi, wateseke hadi waijue thamani ya mila zetu. (Minong'ono.) Enzi zetu mzee akisema jiwe hili ni mkate, wewe ulikuwa unauliza chai iko wapi. (Vicheko.)

Ndiyo maana, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi na semina ya kuitathmini semina, tulilibomoa lile bweni, tukazungushia mabati, ili lisimame Jumba la Mila, lenye ukumbi wa heshima, chumba cha kunyamazia, na ngazi ya wazee peke yao. Ya kale ni dhahabu!

(Sauti ya msichana: "Na bweni lilikuwa la kale, mzee! Tunalala karakana ya useremala, juu ya maranda ya mbao, na paa linavuja! Mvua zikianza twende wapi?" Makofi marefu. Meza kuu haipigi.)

Binti yangu, nimekusikia, na kusikilizwa pekee ni huduma. Maranda ni laini. Bibi yangu alilala juu ya mkeka maisha yake yote na hakuitisha mgomo.

(Sauti nyingine: "Tumechungulia nyuma ya mabati! Kuna majani na mbuzi!")

Mbuzi ni mdau. Na kuchungulia si mila yetu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa tuitikiane. Mila! (Meza kuu: "Juu!") Heshima! ("Juu!") Maswali! ("Juu!") Chini, jamani, chini! (Vicheko vya wanafunzi.)

Kwa hayo machache, namshukuru Mkuu wa Chuo kwa uvumilivu, na kwa namna ya pekee kijana aliyeichora ile picha ya jumba iliyobandikwa kwenye mabati, rangi zimekaa vizuri mno, kwa maana bila yeye jumba hili lisingekuwepo mahali popote. Natamka kwamba limezinduliwa rasmi. Mabinti, rudini karakana kwa utaratibu.

(Mabinti wanainuka na kuelekea kwenye mabati. Meza kuu inamtafuta dereva.)