Malalamiko ya Wafua Shaba Kuhusu Ukimya wa Si Mfeddal

Kwa Daktari Ilham Benjelloun,
Kliniki ya Usingizi, Fez.

Bibi Daktari mheshimiwa,

Baada ya salamu na dua ya afya njema, nakuandikia kwa niaba ya wafua shaba kumi na mmoja wa mtaa wetu. Mwezi uliopita ulimpa mwenzetu, Si Mfeddal Sqalli, mashine ya kumpulizia hewa puani anapolala. Tangu siku hiyo hakoromi. Tunaomba uichukue. Sababu zetu ni hizi.

1. Si Mfeddal hulala kailula dukani kwake, juu ya ngozi ya kondoo, tangu adhuhuri hadi alasiri. Mkoromo wake ulisikika kupita nyundo zote, nasi tulifua kwa kuufuata. Sasa kila mtu anagonga lake. Wiki iliyopita yalitoka masinia manne yaliyopinda, na moja ni langu.

2. Pumzi yake ilikuwa ikikatika. Nilipima kwa saa ya mkononi: mara ishirini na mbili kwa saa moja, na ukimya mrefu kuliko wote ulikuwa wa sekunde arobaini na moja. Hapo nyundo zilisimama, tukabashiri. "Bado yumo?" "Yumo, anapatana bei na Malaika." "Basi Malaika amekwisha!" Kisha alishtuka kwa mkoromo kama wa ngamia, tukacheka, na aliyekosea akatuagizia wote chai ya nanaa. Sasa hakuna wa kuagiza. Muuza chai ametununia.

Kumwamsha? Hapana, Bibi Daktari. Mtaani kwetu mtu haamshwi kwenye kailula, hata duka lake likiwaka moto. Tulikuwa tunamheshimu.

3. Zamani alisinzia katikati ya kupatana bei. Mteja alidhani amekataa, akaongeza mwenyewe. Sasa yu macho siku nzima, na kumbukumbu imemrudia. Juzi alikuja kuulizia patasi aliyoniazima miaka tisa iliyopita. Nilikuwa nimeshaizoea kuwa yangu.

4. Ulipokuja kutueleza ugonjwa wenyewe, ulieleza vizuri mno. Ulisema nyama za koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikazibika, ubongo ukamgutusha mtu bila yeye kujua, tena na tena hadi asubuhi. Ndiyo maana huamka kichwa kinamuuma, akashinda anasinzia, na moyo wake ukachoka. Kisha ukauliza nani mwingine anakoroma. Saba waliinua mikono. Tangu hapo wake zetu hawatupi amani.

5. Mkewe, Lalla Ghita, alipopata habari za barua hii, alikuja mtaani mwenyewe. "Nyie mlikuwa mnakunywa chai," alisema. "Mimi miaka ishirini na mitatu nalala mkono kifuani kwake, nahesabu. Haya, Si Thami, wewe si ndiye mwandishi? Andika na hilo." Nimeliandika. Chama kinaona kwamba bibi huyu sasa analala usingizi kamili na kuamka na nguvu za kutusuta, na hilo nalo ni dhara la mashine.

Ikiwa haiwezekani kuichukua kabisa, basi asiivae siku za Alhamisi tu.

Wasalimie wauguzi wako wote, pamoja na yule mlinzi anayesinzia mlangoni. Naye mtazame.

Wako kwa heshima, na kwa kelele zote za mtaa,
Thami Lahbabi,
Katibu, Chama cha Wafua Shaba.

Nyongeza: Leo Alhamisi, barua ikiwa bado mfukoni, umeme ulikatika. Si Mfeddal akalala bila mashine. Alianza kukoroma, nyundo zikashikana, tukafurahi. Kisha akanyamaza. Nilitazama saa. Hakuna aliyebashiri. Muuza chai alisimama na sinia lake mkononi. Arobaini na moja ikapita. Ilipofika hamsini na tatu nilitupa nyundo, nikamtikisa mabega. Akavuta pumzi, akafumbua macho: "Una wazimu, Si Thami? Mtu haamshwi kwenye kailula!" Nikamwambia nimekuja kurudisha patasi.

Usiichukue mashine. Kama ipo inayotumia betri, mwandikie hiyo. Nami niwekee nafasi Jumanne: mke wangu anasema kwangu amehesabu hadi thelathini na nane.