Taa ya Zambarau na Mchele wa Ubatizo

Lwitiko wa kijiji cha Mpemba hakuwahi kulima, ila kuvuna alivuna. Asubuhi ile alikuwa kwenye kibanda cha chai pale mpakani Tunduma, akichovya chapati aliyonunuliwa na mwingine, redio iliposema kwamba mchele una arseniki. Mpunga, mtaalamu alieleza, hufyonza sumu hiyo kwenye maji na udongo kuliko nafaka nyingine, na mtoto akilishwa mchele mtupu siku zote, inaweza kumdhuru pole pole. Mtaalamu akaanza kusema la kufanya. Lwitiko hakumsubiri. Mwenye njaa akishaona moshi, haulizi kuni zilikatwa wapi.

"Edson," alimwambia rafiki yake mbadilisha kwacha, "niazime ile taa yako ya zambarau."

"Ya kukagulia noti bandia? Unakagua nini wewe, ndevu?"

"Mioyo ya watu, kaka."

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi. Sabuni ya unga ikimulikwa na taa ile gizani, hung'aa kibuluu. Lwitiko aliificha sabuni hiyo kiganjani, akachota mchele wa mtu, akausugua, akamulika. Mama wa watu akishapiga yowe, yeye huinamisha kichwa kama mchungaji makaburini: "Usiutupe jalalani, mama, utaua kuku wa jirani. Nitauteketeza mwenyewe." Na kuteketea ungeteketea kweli, kwenye mizani ya dalali. Kufika mchana, mkokoteni wake ulibeba gunia la Leah na gunia la Ferista, majirani wa mtaa mmoja.

La tatu lilikuwa kwa jirani yao Gwantwa, limesimama pembeni mwa sebule kama mgeni wa heshima. Mama huyu kijana alikuwa ameudunduliza mchele ule kibaba kwa kibaba tangu ujauzito, kwa ajili ya ubatizo wa Ipyana, mwanawe wa kwanza. Jumapili ndugu wote wa Ileje wangeshuka kutoka Itumba, na ndugu wa Ileje hawashuki kuja kunywa maji.

"Funga pazia, mama," alisema Lwitiko. "Sumu hii ina haya, haijitokezi juani."

Akasugua, akamulika. Mchele ukang'aa.

"Mwe!" shangazi Roda alishika kifua. "Na ubatizo je?"

Gwantwa hakupiga yowe. Alichukua punje kiganjani, akazisogeza puani. Mama anayefua nepi asubuhi na jioni hafichwi harufu ya sabuni. Kisha akambembeleza mwanawe na kusema kwa upole, "Baba, mmulike na Ipyana."

Taa ikapita. Nepi ya Ipyana ikawaka kama mwezi.

"Ndiyo hivyo," Lwitiko alihuzunika, "imeshamwingia."

"Maskini mwanangu! Hebu niazime." Kabla hajajibu, taa ilikuwa mkononi mwa Gwantwa, naye Lwitiko, aliyevaa shati lake jeupe la kutapelia, aliwaka kuanzia kola hadi kiunoni.

"Shangazi! Mgonjwa wetu huyu hapa! Sumu imempanda hadi shingoni! Leah! Ferista! Njooni!"

Lwitiko akapiga hesabu haraka. Akisema ni sabuni, amekwisha. Akisema ni sumu, ni mgonjwa. Akachagua ugonjwa.

"Ka... kazi hii ina hatari zake, mama zangu."

"Pole, mwanangu," alisema Roda, akimvua shati. Nje kulikuwa na upepo ule wa Tunduma unaotafuta mbavu za mtu. "Na mkokoteni usiuguse tena, utajizidishia."

"Lakini yale magunia..."

"Usijisumbue, tutayateketeza wenyewe," alisema Gwantwa, huku Leah na Ferista wakiyashusha. "Wewe kunywa uji. Kliniki walitufundisha: tubadilishe nafaka, tusitegemee mchele tu. Huu ni wa ulezi. Sukari tumeacha, isije ikaamsha sumu."

Akaunywa wote, kifua wazi, wanawake wakimsimamia kama manesi.

Jumapili Lwitiko alirudi kuifuata taa. Uani vigelegele vilikuwa juu. Mchele ulikuwa umeoshwa mpaka sabuni yote ikaisha, ukachemshwa kwenye maji mengi na maji yake yakamwagwa, kama walivyofundishwa kliniki, na harufu yake ilivuka uzio bila hodi. Ipyana, mpya kabisa mbele za Mungu, alikuwa na ulezi mpaka masikioni.

"Karibu, mgonjwa!" Gwantwa aliita. "Wako tumekutengea." Akampa bakuli la uji.

Hapo ndipo Lwitiko alipomwona Edson, ameketi meza ya mbele, sahani yake ya wali ina mlima na kilele, taa yake, aliyorudishiwa na Gwantwa, imeshatua mfukoni.

"Kaka," Lwitiko alinong'ona, "japo kijiko kimoja."

Edson alitoa taa, akammulika meno, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Bado, ndugu yangu," alisema, akichota. "Bado unawaka."